Figa la Tatu

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma kwa kubeba mkoba wa mgongoni, na moyo unaniuma zaidi. Hili siwezi kulisema kwa simu.

Ijumaa tulipata ofu ya kupumzika, mimi na Rehema wa Mombasa, yule ninayefua naye mashuka hotelini. Bi Zuwena, mama wa Kizanzibari aliyekulia huku kwa Waarabu, akatupeleka milimani. Tulitembea ndani ya korongo kavu tangu asubuhi, jua likituchoma utosi, mpaka kwenye magofu ya watu wa kale. Mwambani wamechonga ngamia na watu juu ya farasi. Nikacheka, nikasema mtoto wa chekechea angewashinda. Mdomo wangu unaujua.

Bi Zuwena akaenda kuswali. Sisi njaa inatuuma, na unga, maji na sufuria tulikuwa navyo mkobani. Rehema akaokota kuni, mimi nikapata mawe mawili. Mafiga mawili hayainjiki chungu, kwa hiyo la tatu nikalitoa kwenye rundo lililokuwa kando. Ugali ulikuwa umeanza kushika Bi Zuwena aliporudi.

"Jiwe hili umelitoa wapi, mwanangu?"

"Pale kwenye rundo, Bi."

"Lo! Lile kaburi lile. Umembomolea mtu nyumba yake."

Nikaipua sufuria, nikazima moto, nikalibeba lile jiwe kwa leso likiwa bado la moto, nikalirudisha. Masizi hayakutoka. Nilisugua hadi Rehema akaniambia, "Khalas, dada, yatosha." Nikalia, Mama. Aliyelala pale simjui, lakini aliyelala kwetu namjua.

Mwezi uliopita uliponiambia kaka Mumo anataka mawe ya kaburi la Baba ajengee banda la kuku, nilikujibu, "Mawe ni mawe, Mama, mwache achukue." Ukakata simu. Nikadhani mtandao umekatika. Mawe yale uliyabeba wewe kutoka mtoni, na goti hilo hilo, mimi nikiwa huku nakunja mashuka ya watu na kuyatazama mazishi kwenye simu. Naona haya. Nisamehe.

Mwambie kaka yangu asiyaguse. Kama ameshajenga na kuku wamo, asihangaike kubomoa. Pasaka nina likizo. Nitayarudisha mwenyewe, moja moja.

Msalimie shangazi anayekuchotea maji, na mke wa Mumo. Rehema anakusalimu, ingawa kwa ule ugali mbichi bado amenuna.

Na ukipita pale kwa Baba, msalimie pia. Mwambie nakuja.

Ni mimi mwanao,
Mutheu