Gobore la Babu Yako

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Hapa Ruponda hatujambo, ufuta umechanua. Ila tangu uniulize uende doria ya wanyamapori na bunduki ipi, ile mpya au ile kuukuu, situlii; nakaa, nasimama, nachungulia njia.

Zamani nyati alituvamia shambani tukipalilia. Mdogo wake babu yako alikuwa na bunduki mpya, kijiji kizima kilikuja kuishangaa. Akafyatua, ikakwama. Babu yako alishika gobore la marehemu baba yake, kitako kimefungwa waya. Likalia kama kawaida yake. Nyati akaanguka, vumbi lake likaniingia machoni.

Hiyo mpya ni nzuri, siikatai. Lakini siku ile mgongoni mwangu, kwenye mbeleko, alikuwa mama yako.

Bibi yako