Nilibonyeza "Wote" Nikidhani ni Sisi Wote

Bibi mpendwa wa gazetini, naomba msaada, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikaripia, maana mwenyewe nimeshajikaripia vya kutosha na bado sielewi nimesimama wapi.

Mimi ni karani wa kumbukumbu kwenye shirika dogo linalowapa hifadhi akina mama waliokimbia waume wanaowapiga. Tuko tisa ofisini, na kazi yangu ni kuandika nani kaja, yuko nyumba ipi, watoto wake wanasoma wapi, mambo ambayo yakimfikia asiyestahili basi kazi yetu yote ni bure. Miaka yote tuliyaweka mtandaoni, kwenye kile wanachokiita wingu, la kampuni moja ya mbali, mpaka siku ambayo mama mmoja, hapa nitamwita Mama Pacha kwa sababu ana mapacha, alimwangalia mkurugenzi wetu wakati mimi naandika, akamuuliza, "Hayo anayoyaandika, nani mwingine anaweza kuyasoma?" Mkurugenzi akafungua mdomo, akaufunga, kwa sababu hakujua. Baada ya hapo hakutulia, akasema tunahama, taarifa za hawa wanawake zitakaa kwetu, chini ya paa letu, na funguo tutashika sisi.

Akaja fundi wa kompyuta, mama wa makamo anayeongea na mashine kwa upole kuliko anavyoongea na watu, akaleta seva, sanduku jeusi la ukubwa wa begi la shule, akaliweka kwenye kabati la stoo katikati ya ndoo za sabuni na magodoro ya akiba, akaliwekea feni, na kwa kuwa tunaingia humo kwa kunyata na kutoka kwa kunyata tukalibatiza jina la Mgonjwa, ikawa kila asubuhi mtu anauliza Mgonjwa kaamkaje. Mimi nilimuuliza fundi wingu linaingiaje kabatini, akasema hata lile la zamani lilikuwa kabatini, ila kabati la watu. Nikaona nimeelewa. Bibi, sikuelewa.

Fundi alitaka vitufe vyote vya programu mpya viwe kwa Kiswahili ili hata mpishi wetu aweze kutumia, na kwa kuwa mimi ndiye nasifiwa mwandiko na lugha akanipa karatasi ya maneno nikayageuza. Kulikuwa na kitufe cha kusema nani afungue faili. Nikaandika "Mimi", nikaandika "Waalikwa", na cha tatu nikaandika "Yeyote mwenye linki", fundi akasema kitufe ni chembamba, maneno hayaingii, tafuta fupi. Nikaandika "Wote". Likaingia vizuri, tena likapendeza, tukanywa chai.

Miezi miwili ikapita na mimi nikasahau kabisa nilichokifanya. Alhamisi moja nikaambiwa niweke ratiba ya madarasa ya Jumamosi mahali ambapo ofisi nzima itaiona, nikaweka, na ratiba ile ina ukurasa wa pili unaoonyesha nani anachukuliwa kutoka nyumba ipi. Nikaona "Wote", nikasema moyoni ndiyo, sisi wote tisa, nikabonyeza. Halafu linki nikaitupa kwenye kundi letu la simu, ambalo lina pia walimu wa kujitolea, na sikuwa na wasiwasi kwa sababu nilijua hata wakiibonyeza mlango utawakataa, si taarifa ziko kwetu, si Mgonjwa yuko ndani na kafungiwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku ya tisa, mwalimu wa cherehani, mmoja wa wale wa kujitolea, akanivuta pembeni akanipa mfuko. Ndani kulikuwa na jozi mbili za viatu vya watoto, vyeusi, vinafanana kila kitu. Akasema, "Mpe yule unayemjua. Mapacha hukua miguu pamoja." Nikajifanya sielewi, akaniambia taratibu bila hata kuniangalia, "Mimi ni wifi yake. Kaka yangu hajui, na kwangu mimi hatajua."

Bibi, mfuko niliupokea. Kumbe huyu mwanamke tuliyekuwa tunamsifia uvumilivu ni dada wa mume wa Mama Pacha, na hakuwahi kujua kama wifi yake yuko kwetu, maana darasa la Mama Pacha liko jengo jingine, mpaka nilipomwambia mimi kwa kidole changu. Nilipofika nyumbani nikachukua simu ya mume wangu, ambaye hana uhusiano wowote na ofisi yetu, nikaibonyeza ile linki, ikafunguka kama mlango wa duka. Nikaibadilisha ikawa "Mimi" palepale. Na tangu hapo nimenyamaza.

Sasa sijui. Fundi alisema Mgonjwa anakumbuka kila aliyeingia, lakini nikimuuliza atataka kujua kwa nini nauliza. Nikisema, mwalimu wa cherehani atafukuzwa, na huenda ni mtu mwema. Nisiposema, huenda ni mtu mbaya. Mkurugenzi atanifukuza mimi, au ataamua turudi kwenye kampuni ya zamani, na huenda kule kulikuwa salama zaidi, ama hakukuwa, hilo nalo limenichanganya, maana tulihama ili akina mama wasisomwe, na tumehama ndipo wamesomwa. Viatu viko kwenye droo yangu ya mezani. Je, nimwamini huyu mwalimu, au nimripoti? Na je, kosa ni langu, au la kitufe?

Mimi, karani niliyechanganyikiwa.

*

Mwanangu, barua yako nimesomewa mara mbili. Ya kwanza kwa sababu ilikuwa ndefu. Ya pili kwa sababu kuna mtu nilikuwa namtafuta humo ndani na sikumwona.

Jibu hili utalisikia kwenye simu kabla hujaliona gazetini, maana namba yako umeiacha na mimi sina subira. Na kabla halijachapwa nimebadilisha mambo mawili kwenye barua yako. Sitasema yapi. Wewe uliyechomwa na linki unakuja kumwaga habari za mama wa watu gazetini, halafu unaniuliza kama kosa ni lako?

Ni lako. Na la fundi aliyeona kitufe chembamba akaona neno ndilo lipunguzwe. Na la mkurugenzi aliyeweka wageni na wenyeji kwenye kundi moja la simu. Mmegawana, kila mmoja ana kipande chake, hakuna haja ya kung'ang'ania chote kama vile ni sifa.

Mimi sikuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini "wote" na "yeyote" nazijua. Kwangu nikisema wote mje kula, wanakuja wa kwangu, nawahesabu kwa vichwa. Nikisema yeyote aje, nalisha barabara nzima. Ulijua hivyo pale mwanzo, ukaandika vizuri, wakakuambia haliingii ukalikata. Neno likikataa kuingia kwenye kitufe, mwanangu, panua kitufe.

Sasa sikiliza jambo ambalo katika kuchanganyikiwa kwako hukuliona. Hicho kitufe unakisoma wewe peke yako? Mko tisa. Wenzako wanane wanaona "Wote" kila siku, nao wanasema moyoni sisi wote, nao wanabonyeza. Wewe umefunga mlango mmoja, ukakaa juu ya siri kama kuku juu ya yai, na hujui milango mingapi iko wazi nyuma yako. Leo, ukikata simu hii, mpigie fundi. Mwambie afunge kila kilichoandikwa "Wote" kwanza, maswali aulize baadaye. Halafu huyo Mgonjwa wenu aseme ni akina nani walioingia na mara ngapi. Ataona kwa nini unauliza, ndiyo. Aone. Na mkurugenzi umwambie wewe kwa mdomo wako, umekaa mbele yake, kabla hajaambiwa na fundi.

Unauliza kama mrudi kwa ile kampuni. Kule, swali la yule mama halikuwa na jibu. Hapa lina jibu, ila jibu lina aibu. Mimi ningechagua la aibu, kwa kuwa hilo ninaweza kulirekebisha kwa mkono wangu. Kuweka kitu nyumbani kwako hakukifichi. Kunakupa wewe kazi ya kukificha, basi.

Nalijua hili. Zamani nilimweka mke wa jirani chumbani kwangu siku kumi na moja, mumewe akimsaka. Hakuna aliyejua, hata watoto wangu walidhani naumwa mgongo, ndiyo maana sitaki waingie. Siku ya kumi na moja nikafua, nikaanika gauni lake uani kwangu, la maua ya njano, bila kufikiri, kwa sababu nguo ikiwa ndani ya beseni langu nilishaiona ni yangu. Mume akapita, akasimama, akaliangalia lile gauni, akaendelea na safari. Mwanangu, pale nilikuwa na mawili. Kukaa kujiuliza kama kalitambua au hakulitambua, kama ni mtu wa kurudi au si wa kurudi. Au kuingia ndani nikamwambia mwenzangu, mimi ndiye nimekuponza, amka. Niliingia. Alinitukana tusi moja ambalo sitalirudia hapa, akafunga kitambaa kichwani, akatoka mlango wa nyuma. Mume alirudi baada ya muda mfupi na wenzake wawili, akakuta gauni tu.

Ningekuwa bado najiuliza, angetukuta wote wawili.

Ndiyo maana nimesema kuna mtu nilikuwa namtafuta kwenye barua yako. Umeniuliza kuhusu mwalimu, kuhusu mkurugenzi, kuhusu kazi yako, hata kuhusu kampuni. Kuhusu Mama Pacha hukuuliza neno. Unataka mimi nikuambie kama wifi yake ni mwema. Mimi sijawahi kumwona huyo mwanamke. Wewe umemwona Jumamosi kwa Jumamosi akipitisha uzi kwenye sindano. Anayemjua ni yule aliyekaa naye nyumba moja, akapika naye, akalia naye au akachongewa naye. Akisema huyo ni mtu wangu, mtajua. Akigeuka rangi, pia mtajua, na ahamishwe nyumba siku hiyohiyo, watoto wabadilishiwe shule, na huyo mwalimu apumzike cherehani. Uamuzi huo ni wake. Usimwamulie kwa kumhurumia.

Atakasirika. Mwache akasirike, una kifua, kiweke pale. Usimwambie kuhusu wembamba wa kitufe mpaka akuulize mwenyewe.

Sijui kama watakufukuza. Wakikufukuza, njoo, nitakupikia, na tutaongea mpaka uchoke. Lakini kwanza fungua hiyo droo. Miguu ya watoto haisubiri mtu aamue, na viatu hivyo vikikaa kwako wiki nyingine havitamfaa yeyote.

Uvibebe, uende nyumba aliyomo, umsubiri mpaka akae chini. Yeye ndiye aliyeuliza nani mwingine anaweza kuyasoma, na mkurugenzi wenu akafunga mdomo. Sasa mmoja wenu ana jibu. Mpelekee.

Bibi yako.