Babu Aliandikwa Mkorosho

Mikindani,
Mtwara.
14 Oktoba

Mpendwa Mama mdogo Celia,

Kaburi la Babu halipo tena, na mwenye kosa ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Nimeliandika kabla ya salamu kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitaishia hapo hapo.

Shikamoo. Hamjambo huko Songea? Kifua cha Cesar kimepona? Sisi tunaendelea. Macho ya Bibi yamezidi kufifia, sasa anaona mwanga tu. Mimi nimemaliza shule, nipo naye nyumbani.

Wapimaji wa reli walikuja mwezi wa tatu. Bibi alikuwa amelala na homa, nikawazungusha shambani mimi. Wanaume wanne. Unakumbuka Babu hakutaka kaburi la saruji, alitaka mkorosho tu na bakuli lake la udongo chini yake. Mmoja akauliza, "Na huu, mti tu?" Nikatazama miguu yangu.

"Binti, umemeza ulimi?"

"Mwache, bubu huyo. Andika: mkorosho mkubwa, mmoja."

Wakacheka, wakaupaka rangi nyekundu.

Fomu ya fidia ilipoletwa nilimsomea Bibi, mstari ule wa mkorosho nikauruka. Akaweka dole gumba. Zilitolewa siku kumi za kusahihisha. Nilifika mara mbili mlangoni mwa ofisi ya mtaa, nikakuta watu wengi, nikarudi. Kina Nasra wa nyumba ya jirani walisema wana kaburi, na mama yao akahamishwa kwa heshima zote.

Sasa wao na majirani wote wamehamia Rahaleo. Tumebaki sisi na tuta la udongo la reli mpya. Kisima kiko upande wa pili, nazunguka nusu saa kuteka ndoo moja.

Babu alivuka Ruvuma akiwa kijana, akaja kutandika reli ya zamani, ile iliyong'olewa. Kengele ya kanisani kwetu ni kipande chake, alikitundika mwenyewe. Ikigongwa siku hizi naziba masikio.

Siku moja kabla ya tingatinga nilichukua bakuli, nikalijaza udongo wa pale, nikalichimbia nyuma ya jiko. Nilimwambia Bibi njia ya kwenda kwa Babu imebadilishwa. Kila Jumapili namshika mkono, namzungusha, nampeleka pale kwenye bakuli.

"Bernardino, nimekuja," anasema. Halafu, "Doris, mbona hapa jua kali?"

"Mti wameukata, Bibi."

"Afadhali wamekata mti, yeye wamemwacha. Mungu awabariki wale vijana."

Huwaombea kila Jumapili, na mimi naitikia amina.

Msalimie Baba mdogo Anold, na Happiness, na Cesar mwambie anywe dawa. Mungu awafunike nyote.

Krismasi ukija, Bibi atataka mwende wote kwa Babu. Ni baba yako, una haki ya kunichapa, lakini tukiwa wawili tu. Pale nyuma ya jiko piga magoti, umwamkie. Nakuomba, Mama mdogo, Bibi asijue.

Mwanao akupendaye,
Doris