Mbangi Dume Niliouacha

Bordesley Green, Birmingham

Mpenzi Mama Neema,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii. Kifua chako kimepata nafuu? Na Neema, homa imemwachia? Mimi mwili ni mzima. Mengine yote yameharibika, na afadhali uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa watu wa kanisa.

Unamkumbuka Mzee Bahati, yule Mkongomani ninayeishi naye. Mguu wake uliovunjwa vitani humtesa mpaka analia, na vidonge havimsaidii tena. Basi akapanda miche mitatu ya bangi kwenye ndoo, chumba cha nyuma, avute kidogo apate nafuu. Nilimkanya. Kisha nikamhurumia, nikamwacha.

Aliambiwa madume hayana faida na tena huharibu majike, kwa hiyo yang'olewe mapema. Akaniita.

“Ndugu yangu, weye mutoto wa mulimaji. Nionyeshe, ni wapi mwanaume, ni wapi mwanamuke?”

Nawe unajua ninavyopenda kuonekana najua. Nikamsimulia mipapai ya Baba pale Taveta, jinsi alivyodai kutambua mpapai dume ungali mche, na jinsi alivyoupigilia msumari shinani ili ugeuke uzae. Sikumwambia kwamba sikuwahi kuona hata mmoja ukizaa. Nikaamua ile miwili mirefu myembamba ni madume, na ule mfupi mnene ni jike.

“Lakini batu banasemaka tungoye maua kwanza.”

“Mzee, kungoja maua ni kwa wasiojua shamba,” nikamjibu.

Nikaing'oa miwili, nikaisokomeza kwenye mfuko wa taka na kuuweka mbele ya nyumba kama maganda ya viazi, nikaenda kazini.

Mbweha wa mjini wakaupasua. Jirani akaona majani yametapakaa njiani, akapiga simu. Niliporudi mchana, polisi wawili walikuwa mlangoni. Wakaingia hadi chumba cha nyuma; mmoja akainama kwenye mche uliobaki, akagusa vipira vidogo vilivyoanza kutokeza kwenye vifundo vya shina, akacheka.

“Huu mliouacha ndio dume,” akasema. “Hauwafai kitu.”

Akasema wengi hukosea hivyo, wanatazama urefu, wanatazama mbegu, na kumbe hakuna ajuaye mpaka maua yachomoze. Mama Neema, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kisha akauliza ni wa nani. Mzee Bahati alikuwa amekaa kitandani anasugua mguu, hanitazami. Karatasi zake za ukimbizi bado zinachunguzwa, na wakimrudisha kule hatapona. Jina kwenye mkataba wa nyumba ni langu. Nikasema ni wangu. Usinisifu. Nilisema kwa hasira, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Mzee huniita mwanawe sasa, ananipikia sombe, kile kisamvu cha kwao, nami namrudishia sahani.

Kule Sutton Coldfield, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi, wameniambia nisirudi hadi kesi iishe. Wakili anadhani sitafungwa. Lakini mwenye kosa kama hili hapewi tena wazee wa kutunza, na mume asiye na kazi hawezi kumleta mkewe. Viza yako, mpenzi wangu, imekufa. Miaka mitatu tumengoja, nami nimeiua kwa mdomo wangu. Sijui nifanye nini. Kuomba pia nimeshindwa, napiga magoti halafu nakaa tu.

Mwambie Baba nimesimamishwa kazi, ila habari za mipapai usimtajie, atajilaumu bure. Msalimie mama mkwe, na shemeji Eliudi fundi baiskeli, na shangazi Mkasi wa kwaya, umwombe aniombee bila kuuliza sababu. Neema mbusu, lakini usimwambie lolote kuhusu ndege.

Na kama umeshampa mwalimu mkuu barua ya kuacha kazi, nenda Jumatatu asubuhi umsihi akurudishie, kabla hajamwajiri mwalimu mwingine.

Mumeo anayekuomba radhi,
Baba Neema