Kipini cha Gurudumu la Kushoto

Jumatatu, 7 Juni 1999

Resori za mbele, springi za kubeba gari, zimeingia. Hatimaye. Ni za pikapu ya zamani, nimezikata, nimezisugua, nimezipaka rangi ili bibi yangu, mama Furaha, asiseme ninamletea takataka nyumbani. Akasema vilevile.

Gari imepanda juu, inaonekana kama imeshtuka. Koupé ya Italia, milango miwili, nyekundu, ya mbio, imeumbwa kukaa chini karibu na lami. Lami gani? Barabara ya mtaa wetu wa Nguba ni mashimo yaliyopewa jina. Mara ya mwisho ilipotoka ilikuwa inafagia mawe kwa tumbo.

Lakini ukiinua gari hujainua gari peke yake. Kila kitu kinahama. Fimbo za usukani, ambazo fundi wa kule Italia alizipanga zilale, sasa zinashuka kwa pembe. Kila shimo litavuta gurudumu pembeni. Zile rotula za mwisho, pale fimbo inaposhikana na gurudumu, zitabeba mzigo zisioujua. Nimekaza nati zake kwa nguvu, kila moja nimeitia kipini kipya. Kitu chenyewe ni kama pini ya kubania nywele: kinapita kwenye tundu la buloni, kinazuia nati isijifungue. Kwa pembe hii, bila kipini, nati haitamaliza safari.

Furaha anaolewa tarehe 19. Mutoto wangu ni huyo mmoja. Nimemwahidi ataenda kanisani ndani ya gari hii, honi zikilia, vita au si vita. Nimeshaahidi, basi.

Jumatano, 9 Juni

Kichwa kinauma. Freni, yaani breki.

Nyuma kuna kifaa kidogo kilichofungwa na fimbo kwenye ekseli. Kinapima gari imebeba nini. Gari ikiwa tupu inasimama juu, basi kinapunguza nguvu ya freni za nyuma. Sasa mimi nimeiinua. Kifaa kinaamini gari iko tupu siku zote, hata ikibeba watu wanne. Maana yake freni za mbele zinafanya kazi peke yazo kwenye mteremko. Nimerefusha ile fimbo kwa kipande cha chuma cha kitanda. Nimekidanganya kifaa ili kisidanganyike. Nimecheka peke yangu garajini kama mwendawazimu.

Esansi ya siku hizi ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, motere inagonga. Nimerudisha moto wa plagi nyuma kidogo. Itapoteza nguvu. Hakuna shida, hatuendi mbio, tunaenda harusini.

Padri wa parokia yetu amerudisha magurudumu aliyonifichia. Yalikuwa chini ya altare ya zamani, akatia na kitambaa juu. Batiri imetoka kwa jirani. Hapa Bukavu mwenye gari anaiua yeye mwenyewe, kabla ya askari kuja kuichukua. Kila nyumba inajua. Mimi natoa kidole cha delko, kile kinachogawa moto kwa plagi, natia mufukoni, na motere haiwaki tena. Na bibi yangu nilimwambia tangu vita vianze: kama siko, na ukisikia askari, toa kitu kimoja kidogo, ficha. Bila kitu kidogo gari ni sanduku.

Ijumaa, 11 Juni

Imewaka!

Mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikanguruma, garaji nzima ikatetemeka. Machozi yalinitoka, sioni haya kuandika. Bahati, mukwe wangu mtarajiwa, alikuwa anapiga makofi. Ni kijana mzuri, alikuwa akiendesha jipu ya shirika moja mpaka jipu ikachukuliwa. Furaha alitoka na shampuu kichwani. Bibi yangu peke yake hakucheka. Alisema: "Zima. Nguba nzima inasikia."

Nikazima. Nimechelewa kuzima.

Jumamosi, 12 Juni

Wamekuja.

Komanda mmoja na askari wawili. Sikuamini macho yangu, jana tu imewaka! Hakupiga kelele. Akapitisha mkono juu ya boneti, polepole, kama mtu anayenunua ng'ombe. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa bado limefunguliwa, liko chini, nilikuwa ninatoa hewa kwenye freni. Nikamwambia gari ni mgonjwa, muzee, motere imekufa. Akaniangalia tu. "Nitarudi kuisalimia," akasema. Halafu akamwomba bibi yangu maji ya kunywa, akashukuru vizuri kabisa. Hiyo ndiyo imenitia baridi.

Kwa nini niliiwasha? Mpumbavu. Mpumbavu mwenye diploma.

Jumapili, 13 Juni

Misa. Bibi yangu amebaki kulinda nyumba, amesema kichwa kinamuuma.

Nimerudi, nimefunga gurudumu la kushoto, nimeteremsha gari kutoka juu ya mawe. Kazi imekwisha. Sikukagua tena pale nyuma ya gurudumu, nilikwisha kukagua Jumatatu. Nimetoa kidole cha delko. Kiko mufukoni. Waje sasa.

Jumatatu, 14 Juni

Wameichukua. Wamemchukua na Bahati.

Naandika nikingoja moto ya Padri, pikipiki yake, nisipoandika nitapasuka.

Komanda amekuja na kidole cha delko chake mwenyewe! Alikuwa navyo vitatu, kwenye kiboksi cha sigara, akavijaribu kimoja kimoja, cha pili kikaingia. Kumbe wamekwisha kutujua. Nikapigwa kofi moja kwa kusema gari imekufa. Halafu akauliza nani anajua kuendesha. Bahati alikuwa amesimama na kitambaa cha kupangusia kioo mkononi. "Wewe. Panda." Wanaenda Kalehe, kaskazini, kwa barabara ya kando ya ziwa.

Furaha ameanguka chini mulangoni. Na bibi yangu, katikati ya kilio hicho, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ndogo, macho yanawaka: "Papa Furaha, usiogope. Hawatafika mbali. Nilitoa kitu." Akafungua kiganja.

Kipini. Kimenyooshwa kwa koleo, kina grisi bado.

Alikitoa jana wakati wa misa. Gurudumu lilikuwa chini, akaona kitu kidogo, akatoa. Kama nilivyomwambia.

Mungu wangu. Kidole cha delko kinaizuia gari isiende. Hiki kinaiacha iende.

Nilikinyakua mkononi mwake. Nikakitia mufukoni. Moto imefika.

Jumatano, 16 Juni

Nimerudi. Bahati pia. Tuko wazima. Nitaandika kwa mpango, la sivyo sitaweza.

Nilikuwa na njia mbili mbaya. Nikisema, Komanda atauliza nani alitoa kipini, na kwa watu hawa hiyo iko hujuma, inalipwa kwa risasi. Nikinyamaza, nati itajizungusha yenyewe, shimo kwa shimo, na kwenye mteremko mmoja gurudumu la kushoto litaenda linakotaka. Ziwa liko upande wa kuume, chini sana. Bahati kwenye usukani.

Kila kona nilitazama chini kabla ya kutazama mbele. Nilikuwa natafuta rangi nyekundu kwenye mawe. Padri aliendesha bila kuuliza, akisali kwa sauti, na kila tulipopita kundi la watu wamesimama moyo wangu ulikuwa unasimama nao.

Tuliwakuta Kavumu. Komanda alikuwa anakula nyama ya mbuzi. Bahati ameketi ndani ya gari, mikono kwenye usukani, mbele ya gari askari mmoja. Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nilivua kofia mbele ya Komanda, nikasema: "Komanda, nisamehe. Mimi ni injenieri mubaya. Nimesahau kipini kimoja."

Alikuwa anatafuna. Nikamwonyesha. Nikaeleza rotula, nati, pembe, kila kitu, kama niko mbele ya wanafunzi, sauti inapanda yenyewe. Sikujua mtu anaweza kufundisha huku anakufa kwa hofu. Mwisho akasema: "Onyesha."

Nikalala chini ya gari, vumbi mdomoni. Nikagusa nati.

Ilizunguka kwa vidole.

Nati niliyoikaza kwa nguvu zangu zote, ikazunguka kwa vidole viwili, kama kizibo cha chupa. Ilibaki imeshika uzi wa mwisho. Nilimwona Bahati kutoka chini, kiatu chake tu, kile cheusi alichokisafisha kwa ajili ya harusi. Nikaanza kulia, kimyakimya, na nikakaza huku nalia. Nikatia kipini. Nikakunja ncha zake.

Komanda aliinama, akaangalia mwenyewe. Halafu akacheka, cheko la kweli, akawaita askari wake waje kumwona injenieri anayesahau. Bahati hakucheka. Aliniangalia kama haijui sura yangu.

"Panda nyuma," Komanda akaniambia. "Kama ina kingine ulichosahau, tutakufa wote."

Basi nilisafiri mpaka Kalehe ndani ya gari yangu mwenyewe, magoti mdomoni, askari ananiegemea. Padri alibaki barabarani ananifanyia alama ya msalaba. Na niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma: ilikuwa inaenda vizuri. Yesu wangu, vizuri sana. Freni za nyuma zilishika kwenye kila mteremko, usukani ulivuta kidogo tu kwenye mashimo, kama nilivyokadiria. Nilikuwa nasikiliza ile motere na ninafurahi. Nilijishangaa. Mukwe wangu anaendesha huku bunduki imemwelekea mgongoni, na mimi nafurahia resori.

Kalehe wakatuteremsha. Komanda akatupa mkono wa kwaheri. Gari ikaondoka na shofere mwingine, anaponda gia. Tulirudi juu ya kamyo, lori lililopakia makaa. Njia nzima Bahati aliniuliza swali moja tu. "Papa, kweli ulisahau?"

Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 17 Juni

Bibi yangu hasemi na mimi.

Anaweka chakula, anageuka. Haniiti Papa Furaha. Haniiti kitu. Leo asubuhi aliongea mara moja, mgongo umenigeukia, anaosha masufuria: "Mimi nilihatarisha maisha kutoa kile kitu. Wewe ukakimbia kuwapelekea wenyewe."

Anaamini niliwapelekea kipini kwa woga. Kwamba gari ingezimika njiani, wangeiacha, tungeipata. Kwamba Bahati angerudi kwa miguu siku ile ile.

Nimwambie nini? Kwamba kile alichokitoa kingemuua mukwe wake siku tano kabla ya harusi? Angelibeba hilo mpaka kaburini. Namjua, kuku akifa tu anajilaumu wiki nzima. Na nani alimwambia atoe kitu kidogo, bila kumweleza kipi? Miaka yote hiyo nimepima pembe za vyuma, sikumweleza bibi yangu vitu viwili tu: hiki kinasimamisha, hiki kinaua.

Acha anichukie. Inaniuma sana, lakini acha.

Jumamosi, 19 Juni

Furaha ameolewa.

Tulienda kwa miguu, vumbi jeupe kwenye gauni mpaka magotini. Hakuna honi. Wanawake wa Nguba wakagonga masufuria njia nzima, wakapiga vigelegele hadi askari wa barière, kizuizi cha barabarani, wakasimama kuangalia. Furaha alicheka. Alisema nisijali gari. Nilijali.

Bahati alinisalimia kwa heshima yote. Alipotoa mkono niliona anautoa kwa mtu ambaye karibu amuue.

Jumapili, 27 Juni

Furaha na bwana yake wamekuja kula. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Zamani mukwe hakukaa kula mbele ya mama mukwe wake. Sasa meza ni moja, tunakaa wote.

Bahati amelegea kidogo, ndoa imemfanya mucheshi. Alipovuta kiti chake akakitikisa, akasema: "Papa, kiti hiki umekaza wewe? Kina kipini?" Furaha akacheka. Nilimwambia kula, mwanangu, sambaza zinapoa. Lakini alikwisha kuanza, na alikuwa anamsimulia mama mukwe wake kwa furaha ya mtu aliyepona: Papa injenieri alivyosahau kipini kidogo kama hiki, cha gurudumu la kushoto, alivyolala kwenye vumbi la Kavumu, nati ilivyokuwa inazunguka kwa vidole. "Kilomita chache tena, Mama, ningekuwa ndani ya ziwa. Na alivyoomba msamaha kwa Komanda! Mbele ya watu wote!"

Mimi nilitazama sahani yangu.

Bibi yangu alikuwa na tonge mkononi. Likabaki pale, kati ya sahani na mdomo. Hakuuliza kipini gani. Alimwangalia Furaha, halafu Bahati, miguu yake, mikono yake, kama anamhesabu kiungo kwa kiungo. Halafu akaniangalia mimi. Nilitikisa kichwa kidogo sana, yaani usiseme.

Hakusema. Alirudisha tonge kwenye sahani. Akainuka, akaenda jikoni, akakaa huko muda. Furaha aliita: "Mama, vipi?" Akajibu ni moshi.

Alirudi na sufuria. Akapita nyuma ya Bahati, akaweka mkono begani pake, akauacha pale kidogo. Halafu akaja kwangu, akanimwagia sambaza zote zilizobaki, mpaka sahani ikajaa.

"Ongeza, Papa Furaha," akasema.

Nikaongeza.