Sitamshika Mpaka Unipe

Mwanangu,

Mimi mzima, ila goti langu lina chuki binafsi na ngazi. Bado nazunguka nyumba kwa nyumba na mizani begani, kuwaangalia wajawazito na waliojifungua.

Jana mzazi mmoja alinifungulia mlango huku analia, mtoto mgongoni, sufuria inaungua. Nilizima jiko, nikaketi sakafuni, nikamwuliza, "Wewe mwenyewe umelala?" Mtoto sikumgusa. Ndivyo tulivyofundishwa kazini: humshiki mpaka mama akupe.

Njia nzima nilikuwaza wewe. Ulipojifungua kifungua mimba wako, nilikupokonya mtoto hata viatu sijavua, nikakukosoa unavyonyonyesha, tena mbele ya mama mkwe wako. Wewe sikukuuliza chochote.

Dada yako ameropoka kwamba umepata wa pili, ana wiki tatu sasa. Usimgombeze. Na wewe sikulaumu kwa kunificha.

Jumamosi asubuhi nitapiga hodi. Usipofungua, nitaacha kikapu mlangoni nirudi zangu, wala sitanuna. Ukifungua, nitakaa chini, mikono mapajani, nikuulize umelala.

Mama yako