Harufu Nisiyoisikia

Jumatatu, 4 Machi
Rafiki yangu Kijiko amehama dawati letu. Kamwambia mwalimu haoni ubao. Muongo! Macho ya mwewe yale. Shule nzima ni yeye tu ninayeongea naye bila kumeza maneno.

Jumanne, 5 Machi
Nimejua. Nilikuwa chooni, wasichana wananawa mikono nje. Mmoja akasema eti mdomo wangu unanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye jagi. Wakacheka. Halafu sauti ya Kijiko: "Basi jamani, mwacheni."
Hakusema si kweli.
Nimepiga mswaki hadi ufizi ukatoa damu. Mwenyewe sisikii harufu yoyote — pua ya kushoto imeziba, shavu linauma nikiinama kufunga viatu. Nimeandika "nanuka" kwa Kiingereza pembeni mwa ukurasa huu, labda litapunguza kuuma. Wapi!

Ijumaa, 8 Machi
Kliniki. Daktari akauliza kama nimewahi kufanyiwa upasuaji wa uso. Nikafungua mdomo — Mama akaniwahi. "Hapana, huyu mzima. Aleji tu, ipo kwenye ukoo."
Ni kwa sababu Shangazi alikuwa pale, ametusindikiza. Ndiye aliyekuwa akiniita Koleo, kwa jinsi taya langu lilivyokaa. Siku hizi anasema nimekua, nimechukua sura ya Mama, na Mama anatabasamu. Taya langu la juu kukatwa, kusogezwa, kufungwa vyuma na skrubu miaka miwili iliyopita — kwetu ni jambo ambalo halijatokea. Nilikuwa "likizo kwa bibi".
Tumerudi na vidonge vya aleji. Nami nimevimeza pamoja na maneno yangu. Kama kawaida.

Jumatano, 13 Machi
Nimepenga kamasi, limetoka la kijani, na damu. Meseji ya Kijiko: usinichukie, mdogo wangu alinuka hivyohivyo, kumbe sainasi, usaha ndani ya mfupa wa shavu, mweleze daktari KILA kitu.
Kila kitu! Nimelia hadi pua ya kulia nayo ikaziba.

Alhamisi, 14 Machi
Naandika kwenye benchi la kliniki. Eksirei nimeshapigwa. Shangazi kaja tena. Mama kaninong'oneza, "Mwanangu, wakiuliza niachie mimi."
Mlango uko wazi. Daktari kaweka picha kwenye kioo chenye taa. Skrubu zangu! Nyeupe, zimepangana vizuri, ila moja imelala peke yake, ndani ya sainasi ya kushoto, pasipo na mfupa.
Shangazi kanyoosha shingo. "We mtoto, hukuvua hereni?"
Nimemngoja Mama ajibu. Ananitazama mimi.
Daktari ananiita —